Matengenezo ya Pikipiki Nyumbani: Yapi ya Mwenye Chombo, Yapi ya Fundi

(Maelezo yaliyotayarishwa kwa ajili ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Kibaha na Kisarawe)



Msimu wa korosho katika Mkoa wa Pwani huingia wakati mvua za vuli nazo zinapokaribia. Kuanzia mwezi wa Oktoba mkulima wa Maneromango, wa Mzenga, wa Soga au wa Magindu huokota korosho zake, huzianika, huzichambua, kisha hufikiri namna ya kuzifikisha kwenye ghala la chama. Zamani mzigo huo ulikwenda kichwani, kwa baiskeli, au ulingojea gari ambalo siku ya kufika kwake haikujulikana. Siku hizi sehemu kubwa ya safari hiyo hufanywa kwa pikipiki, na hapo ndipo pana jambo ambalo bado halijapewa uzito wake katika mikutano ya vyama.

Ichukuliwe mfano wa mkulima mwenye magunia mawili ya korosho zilizokwisha kukauka, ambaye cheni ya pikipiki yake imekatika. Siku ya kwanza anamtafuta fundi. Siku ya pili anaambiwa kuwa kifaa hakipo mpaka mtu atumwe mjini. Siku ya tatu mtoto anarudishwa kutoka shuleni kwa sababu hana sare. Siku hiyo ya tatu ndipo mnunuzi wa kangomba anapopita mlangoni na chombo chake cha kupimia, chombo ambacho kikijazwa huzidi kilo kwa kiasi anachokijua yeye mwenyewe. Korosho zinaondoka nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, chama kinakosa ushuru wake, na mkulima anakosa bei ya mnada. Kisa chote ni cheni ambayo ingaliweza kukazwa kwa spana mbili na robo saa ya jioni.

Wazee wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 wanajua hali ya vipuri ilivyokuwa. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa adimu, na pikipiki ya bwana shamba iliweza kukaa juu ya mawe miezi mingi kwa kukosa tairi moja au plagi. Vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ilipopitishwa mwaka 1982 vingi vilianza upya mikono mitupu. Uhaba ule ulikuwa mwalimu mkali. Mtu aliyekuwa na pikipiki aliisugua plagi yake mpaka ikang'aa, aliichemsha cheni katika grisi, na hakulala kabla ya kuyatazama matairi. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984 vipuri vilianza kuonekana tena, na leo vimejaa madukani Maili Moja, Mlandizi na Kisarawe mjini. Wingi huo umeleta tabia nyingine: kifaa kikianza kulia, kinaachwa kilie mpaka kife, kwa kuwa dukani kipo. Uhaba haustahili kusifiwa na mtu yeyote aliyeuonja; lakini tabia ile ya kutunza haikuwa na sababu ya kuondoka pamoja nao.

Jambo la kwanza kwa umuhimu ni oili ya injini, na katika Kisarawe na Kibaha linahitaji kuelezwa kwa namna ya pekee kwa sababu ya mashine za kupulizia salfa. Kila mkulima wa mikorosho aliyewahi kupambana na ubwiriunga anaijua mashine hiyo ya mgongoni. Injini yake ni ya mapigo mawili. Haina oili yake tumboni, bali oili huchanganywa na petroli katika tangi kwa kipimo kilichowekwa na watengenezaji. Pikipiki nyingi za zamani nazo zilikuwa za namna hiyo, na moshi wake wa buluu ulijulikana kijijini kabla mpandaji hajaonekana. Lakini pikipiki nyingi zinazouzwa sasa, zikiwamo Boxer na TVS zinazobeba abiria na mizigo kila mahali, ni za mapigo manne. Oili hukaa chini ndani ya injini na petroli huwekwa peke yake. Mtu aliyezoea mashine ya salfa akitia oili katika tangi la pikipiki ya mapigo manne, plagi itajaa masizi na injini itakosa nguvu. Akifanya kinyume, yaani akiitilia mashine ya salfa petroli tupu, pistoni itakwama katika silinda baada ya muda mfupi, na hiyo ni hasara kubwa zaidi. Chupa mbili zilizoandikwa kwa rangi, moja ya mashine na moja ya pikipiki, zinaondoa mashaka yote.

Oili ya pikipiki hupimwa injini ikiwa imezimwa na kupoa kidogo, chombo kikiwa kimesimama wima mahali palipo sawa. Pikipiki iliyoegemea stendi ya pembeni hutoa kipimo cha uongo. Katika pikipiki nyingi kijiti cha kupimia hufutwa kwa kitambaa safi, hutumbukizwa bila kuzungushwa katika nyuzi zake, kisha hutolewa na kusomwa. Kitabu cha watengenezaji ndicho cha kufuatwa. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, safari ingoje. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, jambo linaloweza kumpata aliyevuka bonde lililofurika wakati wa masika. Injini isiwashwe mpaka oili hiyo imwagwe na nyingine mpya kutiwa.

Kubadili oili ni kazi ya nyumbani kabisa. Injini ipashwe moto dakika chache ili oili ilegee, beseni kuukuu liwekwe chini, boliti ya chini ifunguliwe, na oili iachwe itiririke yote bila haraka. Boliti irudishwe pamoja na washa yake, ikazwe kwa kiasi. Wengi huharibu hapa. Tumbo la injini ni la aluminiamu, nalo ni laini kuliko chuma cha boliti; mwenye mkono mzito akiona fahari ya kukaza mpaka spana ilie, hukata nyuzi, na kazi ya robo saa inageuka safari ya kwenda kwa mchonga vyuma. Pikipiki ndogo hizi huchukua lita moja hivi, nyingine zaidi kidogo. Yafaa oili iwe ile iliyotengenezwa kwa pikipiki, maana klachi ya pikipiki nyingi huogelea katika oili hiyohiyo ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa za kupunguza msuguano zinazoweza kuifanya klachi iteleze. Oili chafu isimwagwe karibu na kisima wala kwenye kijito. Wapo wanaoihifadhi kwa kupaka nguzo za banda dhidi ya mchwa. Hata hao wasiishike kwa mikono mitupu.

Baada ya oili, adui wa pili ni vumbi. Barabara za mchanga na changarawe za wilaya hizi zina vumbi laini linalopenya kila mahali, na kinga pekee ya injini ni chujio la hewa. Mtu akiona pikipiki yake inakosa pumzi kwenye mlima na inakula petroli kuliko jirani, huanza kuchokonoa kabureta, hugeuza skrubu hii na ile, mpaka asijue zilikuwa wapi mwanzoni. Kumbe chujio limeziba. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni au mafuta ya taa, hukamuliwa kwa kubonyezwa katika viganja wala si kwa kusokotwa, huanikwa kivulini, kisha hutiwa matone machache ya oili safi na kubonyezwa tena ili oili isambae. Chujio la karatasi halioshwi. Hugongwagongwa taratibu, hupulizwa kwa pampu kutoka upande wa ndani kwenda nje, na likichoka hubadilishwa. Kuna vijana wanaoliondoa chujio kabisa kwa kuwa pikipiki huonekana kuwa nyepesi bila hilo. Wepesi huo hununuliwa kwa ringi, pistoni na silinda.

Cheni nayo ina mambo yake. Kila pikipiki ina kipimo cha ulegevu kilichoandikwa kitabuni, na katika nyingi hizi ndogo ni kama milimita 20 hadi 30, ikisukumwa juu na chini katikati ya sproketi mbili. Gurudumu la nyuma lizungushwe kidogo kidogo na cheni ipimwe mahali pengi, kwa sababu cheni iliyochakaa huwa imekaza hapa na kulegea pale. Kipimo cha kufuatwa ni cha mahali ilipokaza zaidi. Nati ya ekseli ikiisha kulegezwa, boliti za kurekebisha za kulia na kushoto zigeuzwe sawa kwa sawa, na alama za pande zote mbili zilingane. Gurudumu lililokwenda upande hula tairi na sproketi kwa pamoja. Cheni iliyokazwa mno ni mbaya kama iliyolegea, kwa kuwa huvuta na kuua beringi za sanduku la gia. Iliyolegea huruka, na ikiruka katika mwendo yaweza kulifunga gurudumu au kulipasua jumba la injini.

Liko jambo moja ambalo hata watu wazoefu hulisahau. Gurudumu likirudishwa nyuma ili kukaza cheni, breki ya nyuma inayovutwa kwa fimbo nayo hukazika. Asiyeilegeza tena kwa kiasi chake ataondoka breki ikiwa imeshika kidogo kidogo, dramu itapata moto, na hapo pengine petroli italaumiwa kwa kuisha upesi. Mwisho nati ya ekseli ikazwe barabara na pini yake irudishwe. Kama cheni ina kiungo cha klipu, upande wa klipu uliofumba ndio unaotangulia kule cheni inakokwenda, na mdomo ulio wazi hubaki nyuma. Cheni husafishwa kwa brashi na mafuta ya taa, hufutwa, kisha hutiwa oili nzito ya gia kwa ndani, wakati gurudumu linazungushwa kwa mkono na injini imezimwa. Neno hilo la injini kuzimwa lina vidole vya watu ndani yake.

Plagi ni barua ambayo injini humwandikia mwenyewe. Ikifunguliwa injini imepoa na kuonekana ya rangi ya kahawia iliyopauka, mambo ni mazuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama chungu, petroli imezidi hewa, na chujio ndilo la kutazamwa kwanza. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa oili, katika injini ya mapigo manne, oili inapenya mahali isipotakiwa, na fundi amekwisha kuitwa. Ikiwa nyeupe iliyoungua, injini inapata joto kupita kiasi. Plagi hurudishwa kwa vidole mpaka ikae, ndipo spana iguse. Anayeanza na spana huipeleka kombo na kuharibu kichwa cha silinda.

Matairi na taa havihitaji maneno mengi. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, na spoki zigongwe moja moja kwa bisibisi. Iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Taa ya nyuma inayozimika ni hatari kubwa katika barabara ya Morogoro inayopita Kibaha, ambako malori hayasinzii usiku wala mchana.

Sasa yafaa kueleza mahali mkono wa nyumbani unapopaswa kukoma. Mwenye pikipiki aweza kurekebisha ulegevu wa breki, kutazama alama ya kuchakaa kwenye mkono wa dramu, na kuhakikisha kuwa maji ya breki ya diski hayajashuka chini ya alama. Lakini kubadili shuu za breki, kutoa hewa katika bomba la breki ya diski, kunyoosha uma wa mbele au kufungua tumbo la injini ni kazi ya mtu aliyefundishwa. Valvu nazo zina nafasi ndogo sana inayopimwa injini ikiwa baridi, kwa kipande chembamba cha chuma chenye namba yake. Kukisia kwa jicho ni kuharibu. Wako watu waliotia oili ya injini katika breki ya diski kwa kuona chupa zinafanana. Oili hiyo huvimbisha mipira ya ndani, na breki humsaliti mtu siku anayoihitaji. Anayeshuka vilima vya Kisarawe kuelekea Pugu akiwa na gunia nyuma hana msaada mwingine isipokuwa breki zake na gia ndogo. Desturi ya kuweka gia huru na kuzima injini kwenye mteremko ili kubakiza petroli haina utetezi wowote: injini iliyo katika gia ni breki ya tatu, na mtu anaitupa kwa ajili ya kikombe kimoja cha petroli.

Kazi zote hizi zifanyike mchana, uani, penye hewa. Injini isingurume ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Petroli isikaribiane na koroboi wala sigara, na isiwekwe katika chupa ya soda ambayo mtoto ataidhania kinywaji.

Yaliyosemwa hadi hapa yanamhusu mwanachama na pikipiki yake. Pikipiki ya chama ina ugonjwa mwingine, usiotibika kwa spana. Vitabu vya chama vikifunguliwa, mara nyingi hukutwa hati ya malipo iliyoandikwa maneno matatu tu: matengenezo ya pikipiki. Haisemi kifaa gani kilinunuliwa, pikipiki ilikuwa imetembea kilometa ngapi, wala kifaa cha zamani kiko wapi. Miezi miwili baadaye hati nyingine inafuata kwa maneno hayo hayo. Kamati inaidhinisha kwa kuwa hakuna mjumbe anayeweza kupinga jambo asilolijua. Methali ya ufa na ukuta inajulikana na wote, hata na katibu ambaye cheni ya pikipiki ya chama chake inaburuza chini. Na wakati mwingine pikipiki hiyo huonekana jioni ikingoja abiria kijiweni, ikiendeshwa na kijana ambaye si mtumishi wa chama. Kilometa zinakuwa za mtu mmoja na oili inakuwa ya wanachama.

Dawa yake si ghali. Kila pikipiki ya chama iwe na daftari lake lenye tarehe, kilometa zilizosomwa, kazi iliyofanywa, jina la aliyeifanya, kiasi kilicholipwa na namba ya hati ya malipo. Kifaa chakavu kilichotolewa kirudishwe ofisini, kifungwe karatasi yenye tarehe, na kikae hapo mpaka kamati ikione. Sharti hilo moja la kurudisha kifaa hupunguza manunuzi kuliko barua kumi za onyo. Anayeendesha asiwe ndiye anayeandika daftari peke yake. Mjumbe mmoja wa kamati alisome mita na kutia sahihi kila mwisho wa wiki.

Aidha, chama kinaweza kuwatumikia wanachama wenye pikipiki zao. Oili ikinunuliwa kwa katoni kutoka kwa mwuzaji anayeaminika, mwanachama huondokewa na hofu ya chupa iliyojazwa upya uchochoroni, na bei nayo hushuka. Seti moja ya spana, pampu yenye kipimo cha upepo na bisibisi mbili zinaweza kukaa ofisini na kuazimwa kwa sahihi. Elimu nayo si ngeni katika wilaya hizi. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa kwa mkataba wa 1963 kati ya Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, lilijengwa juu ya wazo la kumfundisha mkulima na mtoto wake kazi ya mikono na ya akili mahali pamoja, na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi bado kipo Kibaha. Chama kitakachomlipia kijana wake mmoja mafunzo ya ufundi, kwa mapatano ya maandishi kwamba atarudi, kitakuwa na mtu wa kufanya yale ambayo mwenye pikipiki hapaswi kuyagusa.

Wakati wa kuanza ni baada ya kazi ya salfa kwisha na kabla korosho hazijaanza kudondoka, yaani karibu mwezi wa Septemba, njia zikiwa kavu na mafundi hawajasongwa na foleni. Katibu anunue daftari la karatasi ngumu. Ukurasa wa kwanza uandikwe namba ya usajili, namba ya injini, namba ya fremu, aina ya oili iliyomo, na kilometa zilizosomwa siku hiyo mbele ya mashahidi wawili.